Ukiona habari eti "skani ya ubongo imegundua usonji", isome hivi

Kwanza cheki walipima watu wangapi, wakiwa 20 au 30 tu usikimbilie kushea, ndo maana mwaka 2012 watafiti waliunganisha data zao kwenye ABIDE, yaani hazina ya pamoja ya skani za ubongo, wakapata watu 1,112, wenye usonji 539. Halafu angalia ishu ya kichwa kutikisika, hii ndo kubwa: MRI, yaani mashine ya kupiga skani hizo, inapiga kelele balaa, mtoto anahangaika mle ndani, na akisogea hata kidogo tu picha inaweza kuonyesha sehemu za ubongo haziwasiliani vizuri kumbe ni mtikisiko. Kama hawajasema walidhibitije hilo, mi napita. Jinsia pia cheki, mara nyingi wanaopimwa ni wavulana. Na we mzazi usilipie skani eti ikuthibitishie usonji, daktari anaangalia tabia na makuzi ya mtoto.