Jinsi ya kuingiza mtaro wa mtaa wenu kwenye bajeti kabla mvua haijaingia ndani

Kila masika Dar habari ni ile ile, Jangwani imejaa maji, mwendokasi umesitishwa, kule mabondeni watu wanatoa magodoro nje, na mitandaoni tunaanza kuulizana serikali ilikuwa wapi. Swali ni la haki kabisa ila tunaliuliza mwezi mbaya. Aprili maji yakiwa magotini, bajeti ya halmashauri yenu ya mwaka unaokuja madiwani walishaipitisha na iko Dodoma, na ya mwaka huu imebakiza miezi mitatu iishe, kwa hiyo hata kiongozi akikuonea huruma ya kweli cha kukupa ni mahema na unga. Hapa nataka nieleze mwananchi wa kawaida asiye na cheo chochote anavyoweza kulisukuma tatizo la mwakani likapewa hela sasa hivi. Nimetumia mtaro kama mfano, ila kama kwenu shida ni darasa au kivuko cha mtoni njia ni hiyo hiyo.

Kabla ya yote uwe na msimamo, mana mkutanoni lazima utaulizwa. Kuna huu ubishi usioisha kwamba serikali ishughulike na shida za leo kwanza au ijipange na za kesho, na ukiuacha hivyo leo ndo inashinda kila siku kwa sababu leo ina watu wanaolia na kesho haina mtu wa kuisemea. Mimi nasema hivi, kesho yenye tarehe inayojulikana ihesabiwe kama shida ya leo. Angalia elimu bila ada ya 2016. Mwaka ule watoto wa darasa la kwanza walipanda kutoka kama milioni 1.5 mpaka zaidi ya milioni 2, wote tulifurahi na ilikuwa haki kufurahi, lakini mtoto aliyeanza la kwanza 2016 anaingia fomu wani Januari 2023, hiyo haihitaji mtaalamu, unahesabu kwa vidole tu. Ilikuwepo miaka saba ya kujiandaa. Pamoja na hivyo mwishoni mwa 2022 nchi nzima ilikuwa mbio kumalizia madarasa 8,000 kabla shule hazijafunguliwa, wakuu wa wilaya saiti usiku, mafundi wanasakwa kama maji ya kiangazi. Madarasa yalijengwa na nashukuru yalijengwa, ila presha ile yote ililetwa na tarehe tuliyokuwa tunaijua siku zote.

Mvua ndo hivyo hivyo. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, na TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wanatoa mwelekeo wa msimu kabla haujaanza. Vuli ya 2023 walitangaza mapema kabisa, Agosti, kwamba kuna El Niño na mvua zitazidi, na ilipofika Aprili 2024 Waziri Mkuu akaliambia Bunge watu 155 wameshafariki nchini kwa mafuriko na madhara mengine ya mvua zile. Kwa hiyo mtu akikwambia mafuriko ni mambo ya baadaye, mjibu kwa upole kwamba yana mwezi wake kwenye kalenda.

Sasa kazi yenyewe. Anza kwa kujua mtaro ni wa nani, na hapa ndo wengi tunapotea, unaenda kwa mwenyekiti wa mtaa miaka miwili kumbe mwenyekiti hana hata senti ya mtaro. Mtaro ulio pembeni ya barabara kuu au ya mkoa ni wa TANROADS, wakala wa barabara wa serikali kuu. Ulio kwenye barabara za mitaani, za wilaya, hizi nyingi tunazopita kila siku, ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa 2017. Mfereji unaopita katikati ya makazi usiofuata barabara, pamoja na taka zote zilizomo, huo kawaida unaangukia halmashauri. Muulize mtendaji wa mtaa, asipojua mwambie amuulize mtendaji wa kata. Na kama ni TARURA usikubali kuambiwa hakuna chanzo cha hela, chanzo kipo, Mfuko wa Barabara unalishwa na tozo ya mafuta na 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya TARURA, yaani bodaboda wa kijiweni kwenu kila akijaza mafuta anachangia. Hoja yako siyo kama hela ipo, ni nani wa kwanza kwenye foleni.

Halafu kusanya ushahidi, na ukusanye wakati wa vuli. Hii ndo siri yenyewe ya jambo hili lote mana mipango ya mitaa na vijiji inakusanywa kuanzia Oktoba hivi mpaka Desemba, inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inaenda halmashauri, madiwani wanapitisha kama Januari au Februari, inapita mkoani, Aprili mpaka Juni iko bungeni, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Vuli inanyesha mlango ukiwa wazi. Masika inanyesha mlango umeshafungwa. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba ikishuka toka na simu.

Piga picha kalavati, yaani ingia chini pale lionekane. Kalavati nyingi ukilitazama kutoka barabarani linaonekana zima, ukichungulia mdomoni unakuta mchanga umejaa nusu, juu ya mchanga chupa za plastiki na viroba, na maji yanapita kwenye kaupenyo kalikobaki hapo juu. Weka ndoo au jembe pembeni kwenye picha ili mtu wa ofisini ajue ukubwa. Maji yakiingia ndani ya nyumba, kabla hujafuta ukuta chora mstari kwa chaki pale yalipofika, andika tarehe, piga picha. Pita nyumba kwa nyumba uhesabu zilizoingiwa na maji, siyo kukadiria, uhesabu kweli, na uandike hasara ya kila nyumba kwa kuuliza tu mama hapa mmepoteza nini, utaambiwa gunia la mkaa, unga, daftari za watoto, friji ya biashara ya juisi. Hiyo orodha ina nguvu kuliko hotuba, mana inaonyesha kwamba hela ya mtaro inalipwa tayari kila mwaka, tofauti ni kwamba wanailipa watu wa mabondeni peke yao.

Kwenye mkutano wa mtaa usizungumze sana. Kuna mtu atasimama aseme usipoziba ufa utajenga ukuta, wote watapiga makofi, na methali haiingii kwenye mpango. Kinachoingia ni sentensi moja yenye mahali, kazi, watu na muda. Mfano, "Kuzibua na kujengea mtaro wa mita 180 kutoka msikitini mpaka kalavati la barabara ya lami, nyumba 43 zinaingiwa na maji, ifanyike kabla ya Machi." Ipeleke ikiwa imeandikwa. Na kabla mkutano haujafungwa muombe mwenyekiti amwambie mtendaji asome maazimio kwa sauti, ukisikia wameandika "wananchi walilalamika kuhusu mitaro" nyoosha mkono uombe irekebishwe palepale, kwa adabu, kwa sababu kinachokwenda kata ni huo muhtasari, kule juu hakuna atakayekumbuka sura yako.

Utapingwa, na mara nyingi utapingwa na mtu mwenye hoja ya kweli. Mama atasimama aseme zahanati haina dawa na wewe unaleta habari za mvua ya mwakani. Usibishane naye jamani. Mtu anayeumwa leo anatangulia, mimi naamini hivyo kwa moyo wote na serikali inayomwacha mgonjwa kwa sababu inapanga miaka ishirini mbele imepotea njia. Ila mtaro haugombani na dawa. Ukiangalia bajeti ya halmashauri utaona unagombania hela na vitu vingine kabisa, posho za vikao, safari, sherehe, semina, na hapo ndo pa kuelekeza macho ya wote wawili wewe na huyo mama. Inawezekana kuhamisha hela, tumeshaona, 2015 rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na shilingi bilioni 4 zikaenda kupanua barabara ya Mwenge mpaka Morocco, hapa hapa Dar. Muombe huyo mama muandike yote mawili, dawa na mtaro, halafu muwe wawili wa kufuatilia badala ya mmoja.

Hoja nyingine ni kwamba watu wa mabondeni wahame tu. Hii ni ngumu zaidi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia nyingi za mabondeni zilipelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na wapo waliorudi, kwa sababu kibarua kiko mjini na nauli inakula kibarua. Kuhamisha watu kunaweza kuwa sahihi sehemu nyingine, kwa mfano bonde la mto Msimbazi sasa hivi kuna mradi mkubwa na watu wamelipwa wapishe, lakini huo ni uamuzi wa miaka na wa juu. Mtaro wenu haupaswi kusubiri uamuzi huo.

Mkimaliza mtaa nenda kwa diwani, yeye ndo mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Usiende peke yako, nendeni watu watano na hiyo karatasi na picha zilizochapwa, siyo za kwenye simu, mana karatasi anaingia nayo kikaoni. Mitaa yote ya kata inaleta maombi na yanachujwa, kwa hiyo kama mtaro wenu unamwaga maji mtaa wa jirani waambieni nao walete ombi hilo hilo. Ombi la mitaa miwili ni gumu kulikata.

Huku mnasubiri mfanye cha kwenu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi nchi nzima, itumieni kwenye mtaro. Ila tafadhali mchanga mkiutoa msiuache ukingoni, kila mahali naona kosa hili, watu wanachimba asubuhi nzima wanaurundika pembeni ya mtaro na mvua ya kwanza inaurudisha wote. Tafuteni guta au kirikuu uondoke siku hiyo hiyo, kuna watu wanauhitaji kujazia viwanja. Na picha za siku hiyo ziingie kwenye faili, diwani anapata cha kusemea kwamba hawa wameshaanza.

Februari ikiisha uliza ofisi ya mipango ya halmashauri kama mtaro umo. Ukizungushwa andika barua, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kukujibu, itaje kwenye barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Na ukiambiwa umo usiondoke bado, uliza umepangwa robo gani ya mwaka wa fedha. Julai mpaka Septemba ndo robo mnayoitaka, kiangazi, ardhi kavu. Wakisema ni robo ya nne muombe diwani apiganie isogezwe mapema hapo hapo, kwa sababu robo ya nne ni Aprili mpaka Juni, na hakuna fundi anayemwaga zege kwenye mtaro unaopitisha maji.