Kuomba kibali cha kupandikiza gegedu kwenye goti la sungura

Gegedu ni tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Kwa Kenya, njia ya kuomba kibali cha kulipandikiza ni fupi. Andiko la utafiti huenda kwanza kwa kamati ya chuo inayosimamia matunzo na matumizi ya wanyama. Barua ya kamati ikishatoka, ndipo unaingia kwenye mtandao wa NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) kuomba leseni ya utafiti. Kama pandikizo linatoka kwa mnyama wa nchi nyingine, anza mapema na ofisi ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, maana ruhusa ya kuliingiza ni shughuli ya peke yake. Fomu za chuo na sahihi ya msimamizi unazijua. Usinunue hata sungura mmoja kabla ya barua, kwa sababu kamati haiidhinishi kazi iliyokwisha kuanza.

Maombi mengi hukwama kwenye ukurasa wa idadi ya wanyama. Mwombaji ana sungura 18, anapasua magoti yote mawili, kisha anaandika sampuli 36. Kamati itakurudishia, na ina haki. Magoti mawili ya sungura mmoja yana damu moja na chakula kimoja, na goti la kushoto likiuma, la kulia ndilo linalobeba uzito. Kinachohesabiwa ni mnyama. Ukitaka kulinganisha goti lililopandikizwa na lisilopandikizwa ndani ya mnyama yuleyule, sema wazi kwamba utazichambua takwimu kwa jozi, na ueleze sungura atasimamaje akiwa na vidonda miguu yote miwili. Mara nyingi jibu la haki ni kupasua goti moja tu.

Hesabu iandike yote. Vikundi 3 vya sungura 6 ni 18; toa idadi ya vikundi, unabaki na 15, na kanuni inayotumika sana hutaka jibu liwe kati ya 10 na 20. Ukitarajia kupoteza 10%, gawa 18 kwa 0.9 upate 20. Kwa kuwa 20 haigawanyiki kwa 3, omba 21, yaani 7 kila kikundi. Kuandika "kama tafiti zilizotangulia" si sababu ya idadi.

Umri nao una mtego. Ukiandika "sungura wakubwa wa kilo 3", hujasema kitu. Gegedu la sungura ambaye bado anakua hujijaza lenyewe, halafu sifa inakwenda kwa pandikizo lako. Taja miezi 8 au zaidi, omba kumbukumbu za kuzaliwa kutoka kwa mfugaji, na uahidi picha ya eksirei inayoonyesha kwamba sehemu za ukuaji wa mfupa zimefunga. Tundu la kupandikizia la milimita 4 kwa upana na 3 kwa kina limezoeleka. Lakini gegedu la goti la sungura lina unene wa takriban milimita 0.3 tu, kwa hiyo keekee itaingia mfupani. Kichwa cha andiko kiseme "gegedu na mfupa wa chini yake", la sivyo daktari wa mifugo aliye kwenye kamati atakuuliza unatibu nini hasa.

Kwenye ukurasa wa maumivu weka jedwali: dawa, kipimo kwa kilo, njia, saa, na nani atakuwepo usiku wa manane. Kwa mfano, buprenofini (dawa kali ya maumivu) miligramu 0.01 hadi 0.05 kwa kilo, kila saa 8 hadi 12, siku 3 za kwanza. Ukitumia meloksikamu (dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe), eleza kwa nini, kwani dawa za jamii yake zinashukiwa kuchelewesha mfupa kuunga. Futa ile sentensi ya "mnyama atanyimwa chakula kwa muda wa saa 12 kabla ya upasuaji" iliyonakiliwa kutoka kwenye andiko la mbwa: sungura hawezi kutapika, na akikaa njaa utumbo wake husimama. Amoksilini (antibiotiki) ya kumeza usiitaje kabisa, kwa kuwa huua vijidudu vizuri vya tumbo lake na yeye mwenyewe akafa.

Kisha andika ni lini utasitisha. Sungura asipokula kwa saa 24, daktari anaitwa. Akipoteza 20% ya uzito, au akiendelea kuuburuta mguu hata baada ya dawa kuongezwa, anauawa bila maumivu, na unataja dawa na kipimo.

Leseni ikishapatikana, kila badiliko hurudi kwa kamati kabla ya kufanyika, hata kama ni keekee ya milimita 5 badala ya 4.