Jinsi ya kupanga maegesho ya hospitali bila wagonjwa kuteseka

Cha kwanza kabisa, njia ya ambulensi na mlango wa dharura pasipakiwe gari yoyote, hata ya mtu anayesema "nashusha tu mara moja", hapo weka koni na mlinzi anayejua kukataa kwa upole. Nafasi za karibu na mlango waachie wagonjwa, wajawazito na wenye viti vya magurudumu, na hizo za viti ziwe pana kweli, mlango wa gari ufunguke wote na kiti kikae pembeni bila kugusa gari ya jirani.

Wanaojitolea kusaidia hospitalini wapaki kule nyuma maana wanakaa zamu nzima. Wape kadi ya kuweka kwenye dashibodi, yenye namba na tarehe ya mwisho, jina halihitajiki. Ila wa usiku wasogeze karibu na taa, usalama wao ni muhimu sana.

Wageni sasa, saa ya kuona wagonjwa ndo panajaa, kwahiyo zamu za wanaojitolea zibadilishane nusu saa kabla, wanaotoka waondoke mapema. Na anayekuja kumuona mgonjwa mahututi asidaiwe hela ya paki jamani, mlinzi aambiwe mapema asije akamsumbua getini.