Namna ya Kuandika Historia ya Redio ya Zilipendwa Mjini Dodoma

Historia ya kituo kinachopiga zilipendwa haimo ofisini kwa meneja peke yake. Imo katika kanda, katika kadi za salamu ambazo wasikilizaji walituma zisomwe redioni, na vichwani mwa wazee, nazo hazipotei kwa kasi moja. Anza na sauti, kwa kuwa ndiyo inayowahi kupotea.

Kanda zilikuwa ghali, na vituo vilizoea kufuta kipindi cha jana ili kurekodi cha leo, hivyo kilichosalia mara nyingi kimesalia nyumbani kwa msikilizaji aliyewahi kubonyeza kitufe cha kurekodi kwa ajili ya wimbo mmoja wa Morogoro Jazz au Tabora Jazz. Ulizia kaseti hizo Majengo, Makole na Kikuyu. Kabla ya kuicheza kaseti, vunja vijipande viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wake wa juu ili isifutike kwa bahati mbaya, ifute vumbi, kisha safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe, usiicheze kabisa, mpelekee fundi anayezijua kanda. Inakili kwa mfumo wa WAV, biti 24 na kilohezi 48, na uweke nakala mbili katika majengo mawili tofauti. Tafadhali usikate maneno ya mtangazaji yaliyo kati ya nyimbo. Wimbo wenyewe huenda ukapatikana kwingine, lakini saa iliyotajwa, tangazo la duka na tangazo la msiba havipatikani popote pengine.

Kadi za salamu ni hazina inayodharauliwa mno. Kadi moja hubeba jina la mtumaji, sanduku lake la posta la Kongwa au Mpwapwa, majina ya wanaosalimiwa na ujumbe wake, na ikiwa ilipitia posta, mhuri unakupa tarehe ambayo hakuna mzee atakayeikumbuka. Zipange kwa wilaya, nawe utaanza kuona matangazo yalifika wapi, kwa sababu mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na vilima huyakatiza.

Kuhusu mwaka wa kuanzishwa, usikubali jibu moja. Kusajiliwa kwa kampuni, kupewa leseni, matangazo ya majaribio na uzinduzi ni matukio manne, na kila mhusika hukumbuka lile lililomgusa: fundi mitambo atataja siku mnara uliposimama, mtangazaji siku alipofungua kipaza sauti. Andika yote manne kila moja na tarehe yake. Kumbuka pia kwamba redio binafsi ziliruhusiwa kwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, na kwamba leseni zilitolewa na Tume ya Utangazaji kabla ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Anayedai kuwa kituo chake binafsi kilirusha matangazo mwaka 1985 huenda anaichanganya kumbukumbu hiyo na Radio Tanzania.

Unapomhoji mzee, msalimu na umpe nafasi ya kutulia, halafu umsaidie kwa matukio badala ya tarakimu: je, ilikuwa kabla au baada ya kifo cha Mwalimu mwaka 1999? Wahoji pia mlinzi na karani aliyepokea kadi, maana waliona mengi ambayo wakurugenzi hawakuyaona.

Kabla ya kuchapisha, omba ridhaa ya wenye sauti au familia zao, funika anwani zilizo kwenye kadi, na usisambaze nyimbo nzima bila idhini, kwani zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kisha mrudishie kila mwenye kaseti kaseti yake, pamoja na nakala ya sauti anayoweza kuisikiliza kwenye simu.