Somo: Kutoka nyuzi za sufu hadi uzi mwembamba wa kroshia

Habari zenu wapendwa. Wengi wenu mmeshafuma kofia na soksi za watoto wachanga kwa sufu, lakini mkiona vile vitambaa vya makochi vya bibi zetu mnasema mikono yenu haiwezi. Inaweza. Mishono ni ileile mnayoijua. Kazi mpya yote iko kwenye mkono wa kushoto, ule unaoshika uzi, na huko ndiko nitakakokaa sana leo.

Vifaa

Nunua uzi wa pamba wa kroshia namba 10. Namba za uzi huu zinakwenda kinyume: 10 ni mnene, 20 ni mwembamba kuliko huo, 40 zaidi, na 80 unakaribia uzi wa cherehani. Mimi muuzaji aliniambia namba kubwa ndiyo uzi mnene, nikarudi nyumbani na 80 pamoja na kroshia, yaani sindano yenye ndoano, ya milimita 2. Siku nne nzima nilifuma, nikapata wavu uliolegea usiofaa hata kufunikia kikombe, nikaamini tatizo ni mimi. Ndiyo maana nasisitiza namba.

Kroshia iwe ya chuma, ya milimita 1.5 kwa uzi namba 10. Ukihamia 20 chukua 1.25, na kwa 40 chukua 1 au 0.75. Kabla hujalipa, pitisha ncha yake kwenye kitambaa laini, hata mtandio. Ikikwaruza, iache, maana itapasua uzi kila mshono.

Ule uzi unaong'aa ni bora. Pamba yake imepitishwa kwenye soda kali huku imevutwa, soda ilianzia kwa Mwingereza John Mercer miaka ya 1840 na kuvuta kukaongezwa baadaye, kwa hiyo ni imara na haitoi manyoya. Anza na krimu au waridi mpauko. Rangi nyeusi iacheni kwanza, mashimo hayaonekani.

Mkono wa kushoto

Kwenye sufu ukilegeza au ukikaza, manyoya yanaficha. Uzi wa pamba hauna pa kuficha.

Zungusha uzi kwenye kidole cha mwisho mara mbili, upite chini ya kidole cha pete na cha kati, kisha utokee juu ya kidole cha shahada. Kidole hicho kisimame kidogo, ndicho kinachoachia uzi. Gumba na cha kati vibane kazi chini kabisa ya kroshia, nafasi ya punje moja ya mchele, na uvisogeze kila baada ya mishono miwili mitatu. Wengi wanasahau kusogeza, wakifika mshono wa kumi vidole viko mbali na kazi inayumba.

Sasa vuta uzi kwa mkono wa kulia. Unatakiwa kugoma kidogo, halafu upite. Ukipita wenyewe, ongeza mzunguko, ukikatalia, punguza. Huku pwani jasho nalo ni adui, uzi unanata kwenye kidole. Nawa, kausha, paka poda kidogo, na ukiweza fuma asubuhi.

Jambo jingine: kitanzi kikae kwenye shina la kroshia, pale penye unene wake kamili. Ukikikazia kwenye shingo karibu na ncha kitatoka kidogo, na raundi inayofuata kroshia haitaingia.

Fuma cheni 30. Fumua. Fuma tena. Fanya hivyo jioni tatu, mpaka cheni zote zilingane ukizitazama dirishani.

Kitambaa cha kwanza

Anza na cheni 5, ziunge ziwe duara.

Raundi ya 1: cheni 3, zihesabu kama dabo moja (mshono wa kuzungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza kroshia), kisha dabo 11 ndani ya duara. Jumla 12. Unga.

Raundi ya 2: cheni 4, halafu dabo 1 juu ya dabo inayofuata, cheni 1, hivyohivyo hadi mwisho. Unga kwenye cheni ya tatu kati ya zile 4. Una nafasi 12.

Raundi ya 3: ingia kwenye nafasi ya kwanza, cheni 3 na dabo 1, kisha cheni 1. Kila nafasi inayofuata weka dabo 2 na cheni 1. Unga.

Raundi ya 4: sogea hadi nafasi ya cheni, singo 1 (mshono mfupi, bila kuzungusha uzi kwanza), cheni 5, singo kwenye nafasi inayofuata. Utapata matao 12 pembeni. Kata uzi, ufiche mkia kwa sindano butu.

Kikitoka kimekunjamana msikitupe. Kazi ya uzi haijaisha mpaka ioshwe, itiwe kanji na ivutwe kwa pini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mwanza: Shikamoo mwalimu. Changu kinajikunja kama bakuli.

Marahaba mwanangu. Hesabu raundi ya 1 kwanza, mara nyingi dabo ni 10 au 11. Kama ziko 12, unakaza mno. Panda hadi kroshia ya 1.75. Kikileta mawimbi pembeni, basi umezidisha mishono.

Mwanachama, Mombasa: Mimi nafuata maelezo ya mtandaoni lakini kitambaa kinatoka kifupi, hakifanani na picha.

Angalia maelezo yameandikwa nchi gani, dada. Dabo ya Waingereza ndiyo singo ya Wamarekani. Mimi hapa natumia za Kimarekani: dabo ni ile unayozungusha uzi kwenye kroshia mara moja kabla ya kuingiza.

Mwanachama, Dodoma: Uzi wa cherehani unafaa? Huku wa kroshia haupatikani.

Kwa kujifunzia hapana. Mwingi ni poliesta, unateleza na haushiki umbo ukitiwa kanji. Bora umwagize anayekwenda mjini vibonge viwili.

Mwanachama, Tanga: Kanji unaipikaje?

Kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo, ukoroge kwa maji baridi kidogo, kisha mimina maji yanayochemka vikombe viwili huku unakoroga mpaka uwe kama uji mwepesi unaopitisha mwanga. Ukipoa, chovya kitambaa kilichooshwa, kikamue kwa kiganja, usikisokote. Tandika nailoni juu ya godoro, anza kubana katikati, halafu kila tao na pini yake. Pini ziwe zisizoshika kutu, doa la kutu kwenye krimu halitoki kirahisi. Kiache kikauke kabisa, usiku mzima.

Mwanachama, Moshi: Natumia mkono wa kushoto. Somo hili linanihusu?

Linakuhusu lote, geuza mikono tu. Raundi zako zitakwenda upande wa pili, na kitambaa kitatoka sawa kabisa. Picha za hatua zitazame kwenye kioo.