Somo: Kucheza Gofu Kwenye Miteremko ya Meru na Kilimanjaro

Wanachama wenzangu, somo hili nimeliandika kwa ajili ya wale waliojifunza gofu pwani, kisha wakajikuta wanacheza huku kwetu, ambako ni nadra kusimama mahali tambarare. Nazungumzia viwanja vilivyo chini ya milima yetu, kama ule wa mashimo 9 wa Arusha Gymkhana, na ule wa mashimo 18 wa Kili Golf upande wa Usa River, uliobuniwa na David Jones wa Ireland Kaskazini. Huku, umbali ulioandikwa kwenye kadi ni mwanzo tu wa hesabu, na anayeutegemea peke yake hupoteza mikwaju bila kujua imepotelea wapi.

Hatua ya 1: Zipime upya fimbo zako

Mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo mpira husafiri mbali zaidi, kama asilimia 5 hivi. Fimbo inayokupa mita 130 pwani itakupa takriban mita 136 hapa, na hizo 6 zinatosha kuuvusha mpira grini (eneo la majani yaliyokatwa mafupi sana, lenye shimo) na kuuangusha kwenye majani marefu ya nyuma. Moshi iko chini zaidi, hivyo ongezeko lake ni dogo. Hewa hiyo nyepesi huufanya mpira upinde kidogo pia, na aliyezoea kuupindisha kwa makusudi ili uzunguke mti ajihadhari. Nenda eneo la mazoezi, piga mipira 10 kwa kila fimbo unayoitegemea, acha miwili iliyokwenda mbali kupita kiasi na miwili iliyoishia njiani, kisha andika wastani wa sita iliyobaki.

Hatua ya 2: Hesabu kupanda na kushuka

Grini ikiwa chini yako, punguza takriban mita 1 ya umbali kwa kila mita 1 ya kushuka, na ikiwa juu yako, ongeza kwa kiasi hicho hicho. Kedi (msaidizi anayekubebea fimbo) mzoefu wa uwanja huo anaijua hesabu hii kwa moyo. Muulize kabla hujachomoa fimbo.

Hatua ya 3: Simama kwa kuufuata mteremko

Hapa ndipo ninapoona wanafunzi wangu wakiumia zaidi, kwa sababu mwili hupenda kusimama wima hata ardhi inapokataa. Ukipanda mteremko, yalaze mabega yako sambamba na ardhi, uzito uegemee mguu wa nyuma, na uchukue fimbo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa mpira utapaa juu na kufika karibu. Ukishuka, mpira utaondoka chini chini na kuviringika sana. Fuata ardhi kwa fimbo yako wala usijaribu kuunyanyua.

Mteremko wa ubavuni ni mgumu kuliko hiyo miwili. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpira ulio juu ya usawa wa miguu huelekea kushoto, basi shika mpini wa fimbo chini kidogo kuliko kawaida na ulenge kulia. Mpira ulio chini ya miguu huelekea kulia, na hapo piga magoti zaidi na ubaki umeinama mpaka mpira uondoke. Katika hali zote mbili punguza nguvu. Mkwaju wa robo tatu unaofika njia ya majani mafupi una thamani kuliko mkwaju mkubwa unaokuyumbisha.

Hatua ya 4: Uulize mlima kabla ya kusukuma

Mji wa Arusha umekaa upande wa kusini wa Meru, na Moshi upande wa kusini wa Kilimanjaro, kwa hiyo ardhi yote huteremka ikiupa mlima kisogo, hata pale macho yanapoona tambarare. Kabla ya kuinama kwenye grini ili kuusukuma mpira shimoni, tafuta mlima uko wapi. Mlima ukijifunika mawingu, kumbuka tu kaskazini ni wapi. Kisha tazama majani. Yaking'aa mbele yako, yamelalia uendako na mpira utakwenda kasi. Yakionekana ya kiza, yanakuelekea, nawe huna budi kusukuma kwa nguvu zaidi.

Kuhusu hali ya hewa nitasema moja tu: msimu wa masika, Machi hadi Mei, ukisikia radi acha kucheza mara moja, wala usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Tumbili akiuokota mpira wangu uliotulia na kukimbia nao, ninaadhibiwa?* (Dada wa Njiro)

Marahaba, dada. Huadhibiwi, mradi iwe hakika au karibu na hakika kwamba ni yeye aliyeuchukua. Weka mpira mwingine mahali ule ulipokuwa, na kama hapajulikani sawasawa, pakadirie. Kama hakuna aliyemwona na mpira hauonekani, una dakika 3 za kuutafuta, kisha unahesabiwa umepotea.

*Tukiwa kwenye mashindano, naweza kumuuliza mchezaji mwenzangu ametumia fimbo gani?* (Kaka wa Moshi)

Hapana, kaka. Huo ni ushauri, na katika mashindano ya kuhesabu mikwaju utaongezewa adhabu ya mikwaju 2. Umbali wa kufika kwenye bendera unaruhusiwa kumuuliza mtu yeyote, lakini ushauri wa fimbo chukua kwa kedi wako pekee.

*Mimi natoka Tanga, nitacheza Arusha siku mbili tu na sina nafasi ya kupima fimbo zote. Nifanyeje?* (Mgeni)

Karibu sana. Pima fimbo namba 7 peke yake, mipira 10, kabla ya shimo la kwanza. Asilimia utakayoiona imeongezeka itumie kwa fimbo nyingine zote, isipokuwa mikwaju mifupi ya kando ya grini, ambayo haikai hewani kiasi cha kubadilika.