Kupanga Droo ya Tenisi ya Wanawake 32, Mchezaji Mmoja Kila Upande

Mashindano mengi ya klabu hapa Nairobi huharibikia mezani kabla mpira haujapigwa. Droo, yaani mpangilio wa nani anacheza na nani, inapangwa kwa kukadiria, wachezaji wawili bora wanakutana raundi ya kwanza, na fainali inabaki bila ushindani. Utaratibu wa mashindano ya kulipwa ya wanawake huzuia hilo, na hauhitaji kompyuta. Unahitaji karatasi yenye mistari 32, vipande vya karatasi vyenye majina, bakuli, orodha ya viwango, na mashahidi wawili ambao ni wachezaji wenyewe.

Orodha ndiyo msingi. Funga usajili kwa tarehe na saa iliyotangazwa, kisha panga majina kwa viwango vya dunia vya WTA (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake), wakifuatwa na wenye viwango vya ITF (shirikisho la tenisi la kimataifa), halafu wale wa viwango vya kitaifa. Tumia viwango vya wiki moja kwa wote. Ukichanganya vya wiki mbili tofauti utakuwa na malalamiko yasiyo na majibu. Katika mashindano ya ngazi ya W15 (namba hiyo ni pointi anazopata bingwa wa mchezaji mmoja kila upande), mgawanyo wa kawaida wa droo ya 32 ni nafasi 20 za wanaoingia kwa viwango, 8 za wanaotoka mchujo (mechi za awali za kuwania nafasi) na 4 za mwaliko maalum, yaani anazogawa mwandaaji bila kufuata viwango. Mwaliko maalum si fadhila ya kumpa binti wa mwanakamati. Nchi iliyomlea Angella Okutoyi, aliyetwaa dhahabu ya mchezaji mmoja kila upande kwenye Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra mwaka 2024, haikosi wasichana wanaostahili nafasi hizo kwa raketi zao.

Sasa waorodheshe wanane bora, nambari 1 hadi 8. Nambari 1 huandikwa mstari wa 1, nambari 2 mstari wa 32. Hao hawapigiwi kura. Nambari 3 na 4 huingia bakulini: wa kwanza kuchomolewa anakwenda mstari wa 9, wa pili mstari wa 24. Kisha 5 hadi 8 nao huchomolewa, na kuwekwa kwa mfuatano kwenye mistari ya 8, 16, 17 na 25. Hesabu utaona kwamba kila kundi la mistari minne lina mmoja wao. Kwa hiyo wanane hao hawawezi kukutana kabla ya robo fainali, wanne bora kabla ya nusu fainali, wala nambari 1 na 2 kabla ya fainali.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kumpangia nambari 4 moja kwa moja upande wa nambari 1, kwa sababu inaonekana ndivyo haki ilivyo. Wachezaji wale wale wakishiriki mashindano ya wiki tatu mfululizo, nusu fainali zitakuwa zile zile kila wiki. Kura ndiyo inayovunja mazoea hayo.

Waliobaki 24 huchomolewa mmoja mmoja na kujaza mistari iliyo wazi kutoka juu kwenda chini. Wa mchujo wakiwa bado hawajajulikana, tia bakulini vipande vinane vilivyoandikwa “mchujo”, halafu mchujo ukiisha piga kura ya pili kujua nani anakwenda wapi. Usiwatenganishe wachezaji wa klabu moja waliokutanishwa na kura. Ukishasogeza jina moja, kila mtu atakuja na ombi lake.

Wakijiandikisha 27 pekee, mistari mitano itabaki bila wachezaji. Hizo bai (kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza) hupewa nambari 1 hadi 5 kwa mfuatano, yaani mstari unaokabiliana na kila mmoja wao huachwa wazi: wa 2 kwa aliye mstari wa 1, wa 31 kwa aliye wa 32, wa 10 kwa aliye wa 9, na kadhalika.

Mchezaji akijitoa droo ikishatangazwa na ratiba ya siku ya kwanza kutolewa, usipange upya. Nafasi yake huchukuliwa na mmoja wa walioshindwa raundi ya mwisho ya mchujo, kwenye mstari ule ule. Ndiyo maana wakati mwingine mchezaji wa kiwango cha chini huonekana amekaa mahali pa nambari 3. Lakini huyo anayeingia lazima awe amesaini asubuhi orodha ya wanaosubiri nafasi, na yuko uwanjani tayari. Aliye Rongai, nje ya jiji, akiwa amekwama kwenye foleni amepoteza nafasi.

Droo ya 32 ina mechi 31: 16, 8, 4, 2 na 1. Ukiwa na viwanja vichache, gawa raundi ya kwanza siku mbili, mistari 1 hadi 16 siku moja na 17 hadi 32 siku inayofuata. Usichanganye, kwa kuwa watakaokutana raundi ya pili wanapaswa kuwa wamepumzika sawasawa.

Kuhusu mipira, Nairobi haisamehe. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kanuni zina mipira maalum kwa sehemu zinazopita mita 1,219. Mpira wa kawaida hapa huruka mno, kwa sababu hewa nyepesi haiupunguzi kasi. Nunua yenye alama ya maeneo ya juu. Ikiwa ni ile isiyo na shinikizo ndani, iweke hapa Nairobi siku 60 kabla ya kuitumia.

Wavu wa wachezaji wawili kila upande unatumika, mradi usisahau vijiti viwili vya kuuinua hadi sentimita 107, kila kimoja sentimita 91.4 nje ya mstari wa pembeni wa mchezaji mmoja. Katikati wavu uwe sentimita 91.4. Bila vijiti, pembeni unakuwa chini kuliko inavyotakiwa, na mipira ya pembeni inapita ambayo ingekwama.

Mechi za wanawake ni seti mbili kati ya tatu, na zikifika ya tatu hupita saa mbili kwa urahisi. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, basi kwenye uwanja usio na taa usianzishe mechi baada ya saa kumi. Giza au mvua ikikatiza, mwamuzi aandike seti, gemu, pointi, nani alikuwa anaanzisha mpira na kila mchezaji alisimama upande gani. Mechi huendelea kesho yake kutoka pointi ile ile.